Acheni Kutuambia Tuongee

Mtu akifa huku kwetu, kundi la WhatsApp huundwa kabla ya jua kutua.

Jirani yangu alipofariki, kundi lake lilikuwa na watu 214 kufikia saa mbili usiku. Nambari hiyo naikumbuka kwa sababu niliitazama sana. Alikuwa fundi wa simu, umri wake kama wangu. Tulikuwa tunakaa ploti moja hapa Ruring'u, yeye chumba cha mwisho, mimi cha tatu kutoka kwa tangi la maji. Kundi likapata mwenyekiti, katibu, mwekahazina na kamati ya usafiri. Orodha ya michango ikawa inarefuka: jina, kiasi, tiki. Mtu aliyesoma naye darasa la sita, ambaye sasa yuko Qatar, alituma elfu tano. Na kati ya mchango na mchango, neno lile lile kwa mitindo tofauti: "Jamani, kwa nini hakuongea? Angesema tu."

Familia ilisema ni ugonjwa wa ghafla. Sisi wa ploti tulijua alijiua, tukanyamaza, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Lakini alisema. Wiki mbili kabla ya hapo alinibishia mlango saa tatu usiku, akaniomba chaja. Fundi wa simu! Mtu ambaye kwenye meza yake ya kazi chaja za kila aina zilikuwa zinaning'inia kama nyama buchani. Nikampa yangu kupitia mwanya wa mlango, nikamwambia arudishe kesho, nikafunga. Nilikuwa na kazi ya kuandika ya kukabidhi asubuhi. Hakuwa amekuja kutafuta chaja. Hilo nililielewa siku ya kundi la watu 214, na sijaacha kulielewa tangu siku hiyo.

Kwa hivyo hii ni vita yangu na neno moja: ongea. Nimelichoka. Liko kwenye mabango ya hospitali na ya chuo. Redio ya asubuhi inalo, mhubiri analo, mwanasiasa analo akija matangani. Usinyamaze. Ongea na mtu. Hebu mniambie, huyo "mtu" ni nani? Anakaa wapi? Anafungua saa ngapi? Kumwambia mpweke atafute mtu wa kuongea naye ni kama kumwambia aliyevunjika mguu akimbie akanunue magongo. Kitu cha kwanza ambacho hali hii humnyang'anya mtu ni ile nguvu ya kuinua simu, na sisi tunaifanya nguvu hiyo iwe ndiyo tiketi ya kupata msaada. Halafu asipoinua, tunamlaumu marehemu.

Na hata angeinua. Hadi Januari 2025, kifungu cha 226 cha sheria za jinai za Kenya kilisema kwamba kujaribu kujiua ni kosa, na adhabu yake ilifika miaka miwili jela. Mahakama Kuu ndiyo iliyotangaza kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, baada ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Akili kwenda kortini. Mnaelewa maana yake? Miaka yote ambayo mabango yalikuwa yanatuambia tuseme, kusema kulikuwa ushahidi. Mtu wa Nyeri angefungua moyo kuhusu alichojaribu jana usiku, na gereza la King'ong'o liko pale pale, linaonekana. Jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Tukaendelea kuchapisha mabango.

Sasa sheria imelegea, lakini iko sheria nyingine ambayo hakuna korti inayoweza kuifuta. Uliza Mkenya yeyote kuhusu mwanamume wa Nyeri, uone atakavyocheka kabla hata hujamaliza swali. Ati tunapigwa na wake zetu. Ati tukisikia sufuria ikianguka tunakimbia. Mimi mwenyewe nimeutumia huo mzaha kwa matatu nikienda Nairobi, ili wacheke wakiwa nami badala ya kunicheka. Lakini fikiria wewe ni mwanamume wa miaka 45 huko Mukurwe-ini, una jambo linakula roho, na unajua ukianza tu kulieleza, nchi nzima tayari inajua mwisho wa hadithi na ni wa kuchekesha. Utaongea? Utaagiza nyingine.

Na hapo ndipo penyewe. Wanasema watu wa Mlima Kenya wanapenda pombe. Kila miaka michache kuna msako. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru, na wabunge wetu wakaongoza vijana kumwaga na kuvunja. Februari 2024 watu zaidi ya 10 wakafa Kangai, kule Kirinyaga, kwa pombe yenye sumu, na msako ukaanza upya. Sitetei ile sumu. Ninauliza swali ambalo hakuna kamishna ameuliza: ukifunga bezi ya muguka na mangweni, umefungua nini? Yule mzee alikuwa anaenda pale kwa kileo, ndiyo, lakini pia kwa sababu pale kuna mtu atakayesema, "Leo umechelewa, ulikuwa wapi?" Ni swali kubwa sana hilo. Kuna watu wanakaa mwezi mzima bila kuulizwa.

Hesabu milango iliyobaki wazi kwa mtu anayetaka kukaa na watu kuanzia Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya hadi Chuka. Kuna baa, ambako unalipa kwa chupa. Kuna kanisa, ambako unalipa kwa ushuhuda. Ukisema umechoka unaombewa, ukisema bado umechoka wiki ijayo, imani yako ndiyo inawekwa mezani. Na kuna matanga, ambako unalipa kwa mchango, na mwenye shughuli hayuko tena. Hapa mjini tuna bustani ya Whispers, iliyopewa jina kwa heshima ya Wahome Mutahi, mwandishi aliyewachekesha Wakenya kila Jumapili hadi alipofariki mwaka 2003. Pita pale saa nane mchana. Utaona wanaume wamekaa, kila mmoja na benchi lake, kila mmoja na gazeti la juzi au simu isiyo na bando. Wametoka nje, kama wanavyoambiwa na washauri. Wako juani. Hakuna anayeongea.

Najua jibu la wazee: upweke ni ugonjwa wa wazungu. Uingereza walipoteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018 tulicheka sana. Ati hawa wamekosa hata majirani. Basi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu jambo hili. Mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke. Vijana wako katika kundi linaloumia zaidi. Na katika nchi za kipato cha chini, karibu asilimia 24 ya watu walisema wako wapweke, wakati katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Mara mbili. Tulikuwa tunamcheka jirani anayevuja paa, na sisi tumelala kwenye maji.

Mimi nayajua hayo maji. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda. Sikutaka kurudi nyumbani Othaya kuulizwa maswali, nikakodisha bedsita hapa, nikaanza kuandika makala za watu wa mbali wanaolipa kwa neno. Julai moja, ile baridi ya Nyeri ya manyunyu na ukungu hadi saa sita mchana, nilimaliza siku 11 bila kusema sentensi nzima kwa mwanadamu. Nilikuwa na watu 1,900 mtandaoni. Nilinunua tokeni ya stima kwa simu, bando kwa simu, nikalipa nyumba kwa simu. Siku ya tisa nilijaribu kuimba nikiosha sufuria, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, nikaacha.

Ushauri nilikuwa nao wote. Kunywa maji. Tembea dakika 30. Lala mapema. Andika shajara. Jipende. Ni ushauri mzuri na niliufuata. Nilikuwa mpweke aliyekunywa maji ya kutosha. Kasoro yake ni kwamba kila kitu kwenye ile orodha unakifanya peke yako. Dawa ya kukosa watu imeandikwa kwa namna ya kutomsumbua mtu.

Siku ya 12 mlango ukabishwa. Alikuwa mama wa kibanda cha chini, ninakokopa mayai na unga. Nilikuwa na deni lake la shilingi 140.

"Wewe kijana, umenihepa?"

"Hapana, mathe. Nilikuwa na kazi."

Akanitazama. Akatazama nyuma yangu, kitanda, sufuria, pazia lililofungwa saa saba mchana. Hakuniuliza kama niko sawa. Hakuniambia yuko tayari kunisikiliza. Alisema, "Hiyo pesa utaniletea mwenyewe kesho, sitaki ya simu. Na uje na kikombe, kutakuwa na uji."

Nilienda. Kwa sababu ya aibu ya deni, si kwa sababu nilikuwa najipenda. Nilikaa kwenye kreti ya soda kama saa moja nikisikiliza wateja wakimlalamikia bei ya nyanya. Kesho yake nikaenda tena. Sikupona siku hiyo, haya mambo hayaishi hivyo. Lakini nikawa mtu ambaye asipoonekana kibandani, kuna anayegundua.

Nimefikiria sana ile 140. Watu 1,900 walinipenda kwa kubonyeza, na aliyepanda ngazi ni yule niliyemkosea. Deni lilimpa sababu ya kuja bila yeye kuona haya, na lilinipa mimi sababu ya kufungua bila kukiri chochote. Cucu zetu walilijua hili bila semina. Ngwatio ilikuwa nini kama si mtandao wa madeni? Leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule wa mtoni. Hakuna aliyeitwa kwa sababu ya upweke. Waliitwa kwa sababu ya magugu. Lakini mwanamke mmoja akikosa kutokea, mstari wake ulibaki haujalimwa, kila mtu anauona, na jioni kuna mtu wa kwenda kuuliza.

Sasa sisi tumejifunza kutodaiana. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya dawa ya cucu haitembei tena kwa miguu. Zamani ungepeleka, ukae, upewe ngwaci, uone kwamba mguu wake umevimba na hasemi. Leo unasikia, "Nimekutumia kitu kidogo," na kila mtu anashukuru. Sipigani na M-Pesa, ndiyo inayonilisha. Ninasema tu kwamba ile safari tuliyojiokolea ndiyo iliyokuwa na macho.

Msidhani nawauzia uji wa kibandani na nostalgia. Hili jambo limepimwa. Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco, alianza mwaka 1969 kuwafuatilia watu waliolazwa kwa msongo mkubwa au kwa kutaka kujiua, kisha wakakataa au wakaacha kuendelea na matibabu. Watu 843. Wale wasiotaka kuongea, hao hao. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaachwa, lingine likatumiwa barua fupi, jumla 24 kwa miaka mitano. Barua hazikuwa na ushauri, hazikudai mtu aje kliniki. Zilimjulia mtu hali, basi. Katika miaka miwili ya kwanza, waliopata barua walijiua wachache kwa kiasi cha kuonekana wazi kuliko walioachwa. Karatasi na stempu. Lakini angalia nani alianza. Mzima alimwandikia mgonjwa, na akarudia bila kujibiwa.

Na karibu zaidi na sisi, Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa, msichana aliyejiua kwa kuwa familia ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Kuanzia mwaka 2006, akiwa na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, alianzisha benchi la urafiki: nyanya aliyefunzwa, benchi la mbao nje ya kliniki ya mtaa, mtu anakaa naye. Huko maradhi yenyewe yana jina la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare ukachapishwa mwaka 2016, na waliokaa na nyanya walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Malawi na Zanzibar. Sisi benchi tunazo. Nyanya tunao, kila kanisa limejaa. Tunachokosa ni uamuzi wa nani amfuate nani.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao si mbaya. Wanasema, watu wanataka faragha. Nikibisha bila kualikwa ni umbea. Tena mimi si daktari, nikikosea je? Kweli, huku kwetu tunajua umbea. Lakini mmbea huja kuchukua habari akaondoka nayo. Ninayemzungumzia huja na kitu: ukwaju, spana, deni, swali la kipuuzi kuhusu maji yatarudi lini. Na hakuna aliyekutaka utibu. Kwa matibabu wapo wenye kazi yao, na ni wachache, na watafutwe. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari ya bure, 1199, na ukiona jirani yuko hatarini piga wewe, ukiwa umekaa naye, usimwachie karatasi yenye nambari. Kazi yako ni ya chini zaidi. Ni kuona.

Sijui kama ningemwambia fundi aingie angekuwa hai leo. Sidai hivyo, na ninaowajua waliofiwa namna hii wameumizwa vya kutosha na "ungefanya". Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja. Ninachojua ni kwamba alitembea hatua 20 na visingizio mkononi, na mimi, mwandishi, mtu wa maneno, nilisikia neno "chaja" na nikadhani ni chaja.

Kwa hivyo kabla ya bango lingine, haya ndiyo ninayotaka. Kundi la WhatsApp la mtu liundwe akiwa hai. Watu wanne wanatosha, bila mwekahazina. Mwenye ploti, ukijenga vyumba 30, acha nafasi ya benchi moja pale kwa kamba za nguo, badala ya chumba cha 31. Kanisa, wale wazee wa mitaa mnaowatuma kukusanya ahadi za ujenzi, watumeni mara moja kwa mwezi wasikusanye chochote. Kaunti, fungueni kumbi zenu jioni. Zinalala tupu hadi siku ya mkutano wa siasa. Na wewe unayesoma hii ukiwa na nafuu mwaka huu, acha kuandika kwamba mlango wako uko wazi. Mlango wazi hauna miguu. Ondoka kwako.

Chumba cha mwisho kimepata mpangaji mwingine, kijana anayefanya kazi ya nduthi. Wiki iliyopita nilienda kumwomba chumvi. Akachungulia kupitia mwanya, akasema ngoja, akarudi na chumvi kwenye kifuniko cha jagi. Nilikuwa na pakiti nzima ya chumvi nyumbani. Kesho nitamrudishia kifuniko.